Umeme ukikatika, maji yaende wapi?

Saa tatu usiku umeme unakatika. Feni inajizungusha mizunguko yake ya mwisho, friji inanyamaza, na ndani ya kabati chini ya tangi la samaki wa maji ya chumvi mvumo wa pampu unakoma. Kwa sekunde moja au mbili hakuna kinachotokea.

Kisha maji ya juu yanaanza kushuka.

Hakuna kilichoharibika. Tangi la juu linapwa na sampu, lile tangi dogo la chini lenye pampu na lililogawanywa vyumba kwa vioo, inajaa, kama bahari inavyofanya bila kumwomba mtu ruhusa. Yaliyokuwa yakipandishwa na pampu yanarudi, na yatakoma pale tu mabomba yatakapovuta hewa. Swali lililobaki ni kama ile sampu ina nafasi ya kuyapokea.

Kwa wiki kadhaa sasa jambo moja limekataa kuniacha. Karibu kila mchoro wa sampu ya kujitengenezea huonyesha maji yakiwa yanazunguka: mshale unaoshuka, skima inayosafisha maji kwa kutoa uchafu kama povu, pampu inayosukuma, mshale unaopanda. Mtu anauchukua mchoro, anakwenda kwa fundi wa vioo, anakata, anagundisha, anawasha, na kila kitu kinakwenda sawa. Sampu yake ilichorwa ikiwa inafanya kazi. Maji humwagika ikiwa imesimama.

Na huku kwetu, Dar es Salaam au Mombasa, kusimama si ajali ya mara moja kwa mwaka.

## Hesabu kabla ya kioo

Tuchukue tangi la kawaida, vipimo vya ndani urefu sentimita 90, upana 45, kimo 45. Zidisha 90 kwa 45, unapata sentimita za mraba 4,050. Maana yake kila sentimita moja ya kimo cha maji ni lita 4 na kidogo. Namba hiyo iandike ukutani.

Chini yake tuweke sampu ya sentimita 60 kwa 30, kimo 36. Hapa kila sentimita moja ni lita 1.8. Ikifanya kazi na maji ya wastani wa sentimita 20, ina lita 36, na juu yake pamebaki sentimita 16 tupu, yaani lita 28.8.

Sasa zima umeme. Bomba la kurudisha maji limezama sentimita 3 chini ya uso wa tangi la juu. Maji yatashuka sentimita hizo 3, lita 12. Ongeza lita 3 za mabomba na za kisanduku cha kumwagikia, kile kinachopokea maji ya juu kabla hayajashuka. Jumla ni lita 15, na sampu itapanda sentimita 8 na kidogo. Itasimama kwenye 28. Sakafu kavu.

Badilisha kitu kimoja tu. Mdomo wa bomba la kurudisha uzamishe sentimita 12, kwa sababu unataka mkondo ufike chini kwenye mawe. Pampu ikizimwa, bomba lile linageuka saifoni, sawasawa na mtu anayetoa petroli kwenye pipa kwa mpira. Litavuta hadi mdomo wake uonekane. Lita 48 za tangi, na 3 za mabomba, zinakwenda kwenye nafasi ya lita 28.8. Karibu lita 23 zinakuwa sakafuni, zikiwa na takribani gramu 800 za chumvi.

Sampu ni ileile na pampu ni ileile. Kilichobadilika ni mahali mdomo wa bomba ulipokaa.

Wengi hutoboa tundu dogo la milimita 5 au 6 kwenye bomba hilo, chini kidogo ya uso wa maji, ili maji yakishuka livute hewa na saifoni ikatike. Ni jambo jema, litoboe. Lakini tundu hilo huota mwani, na konokono mdogo mmoja anatosha kuliziba, kwa hiyo lisafishwe kila wiki kwa kijiti. Valvu ya kuzuia maji yasirudi nayo hufanya kazi vizuri sana mwezi wa kwanza. Baadaye chokaa na takataka huzuia kifuniko chake kukaa sawa, na itavuja taratibu usiku kucha. Ukiiweka, iweke kama msaidizi. Hesabu ya sampu ifanye kana kwamba haipo.

## Hatari ya upande wa pili

Hapa ndipo fikra zangu zilipogeuka.

Ukishaielewa hatari ya kwanza, tamaa inayofuata ni kutengeneza sampu kubwa yenye chumba kikubwa cha pampu, ili maji yawe mengi na pampu isikauke. Lakini bomba la kushusha nalo linaweza kuziba. Jani la mwani, samaki aliyejipenyeza, anemoni, mnyama laini wa baharini, aliyeamua kutembea usiku. Bomba likiziba, pampu haijui. Itaendelea kupandisha mpaka chumba chake kikauke, na kila lita iliyokuwa ndani ya chumba hicho itakuwa juu.

Kwa hiyo chumba cha mwisho cha sampu kinapaswa kuwa kidogo. Kiwe na urefu wa sentimita 15, upana 30, na hata tukihesabu maji yamejaa hadi 20, ni lita 9. Gawanya kwa 4.05: tangi la juu litapanda sentimita 2.2. Ukiacha sentimita 3 tupu kutoka uso wa maji hadi ukingo wa kioo, halimwagiki.

Nafasi ya sampu huamua kama umeme ukikatika utalala salama. Udogo wa chumba cha pampu huamua kama bomba likiziba utalala salama. Sampu ya bei nafuu lazima ifaulu mitihani yote miwili.

Ila udogo huo nao una gharama. Maji yanayokauka hewani hupungua kwenye chumba hicho tu, kwa sababu vyumba vingine vimezuiwa na vioo. Chumba cha sentimita 15 kwa 30 hushuka sentimita 2.2 kwa kila lita. Katika joto la pwani, na feni ndogo ikipuliza juu ya maji ili kuyapoza, lita 2 kwa siku si jambo la ajabu. Hizo ni sentimita 4 na nusu. Ukisafiri siku tatu bila mtu wa kuongeza maji, pampu itakuwa inavuta hewa.

Nitalirudia hili mbele, kwa sababu dawa yake nayo inaweza kuwa sumu.

## Kioo, au beseni la plastiki?

Njia ya bei ndogo kuliko zote ni tangi la zamani lililokwaruzika. Mikwaruzo haina maana chini ya kabati. Mradi halivuji, limeshinda tangi jipya.

Ya pili ni kwa mafundi wa madirisha ya alumini. Wana vipande vilivyobaki vya kioo cha milimita 5 na 6, na vizuizi vya ndani, vile vioo vinavyogawa vyumba, havihitaji zaidi ya milimita 5. Vioo vya luva vya nyumba za zamani huvutia macho, lakini aghalabu vina upana wa sentimita 15, havifiki kimo tunachotaka. Vitumie kwa rafu ya kushikilia soksi ya kuchujia, ule mfuko wa kitambaa unaonasa takataka.

Beseni kubwa la plastiki lenye kifuniko ni rahisi zaidi, na hapa kuna kosa linalojirudia kila mahali: watu hununua beseni, kisha wanagundisha vizuizi vya kioo ndani yake kwa silikoni. Silikoni haishiki kwenye plastiki hizo. Itaonekana imeshika kwa siku chache, kisha itabanduka kama ganda la yai lililochemshwa. Zaidi ya hapo, beseni likijaa kuta zake hutanuka, na kizuizi kilichokuwa sawa kinaachwa na mwanya kila upande.

Ukitaka beseni, acha vizuizi kabisa. Weka ndoo imara ndani ya beseni, bomba la kushusha limwagie ndani ya ndoo, na skima isimame humohumo. Maji yanafurika juu ya ukingo wa ndoo na kuingia kwenye beseni. Kimo cha maji ndani ya ndoo hakibadiliki, na ndicho skima inachokihitaji. Upande wa pili wa beseni weka pampu, na kati yake na ndoo weka kipande cha sponji nene kuzuia viputo. Angalia alama chini ya plastiki: namba 2 na namba 5 ndizo za kuaminika. Zungushia beseni fremu ya mbao ili lisitanuke.

Kumbuka tu kwamba kwenye beseni hakuna chumba kidogo cha pampu. Maji yote yaliyo nje ya ndoo yanaweza kupandishwa juu. Inua pampu juu ya kitako ili iache kuvuta mapema, kisha ufanye hesabu upya.

## Vizuizi vitatu

Nirudi kwenye kioo, kwa kuwa ndiyo njia ninayoiamini.

Ndani ya sentimita 60, chumba cha kwanza chukua karibu 37. Humo maji yanashukia kwenye soksi, na skima inasimama. Kisha vizuizi vitatu vilivyoachana sentimita 3. Cha kwanza kimegundishwa chini na kimo chake ni 22. Cha pili kinaning'inia, kimeinuliwa sentimita 3 kutoka sakafu ya sampu na kichwa chake kinafika 26. Cha tatu kimegundishwa chini, kimo 20. Maji yanapita juu, chini, juu. Kinachobaki ni ile sentimita 15 ya pampu. Kimo cha chumba cha kwanza usikikariri tu. Soma karatasi ya skima yako kwanza. Nyingi hutaka maji ya kina cha kati ya sentimita 18 na 23.

Kwa nini mwanya wa 3 na si 1.5, wakati nafasi ni finyu?

Kwa sababu ya viputo. Pampu ikipeleka lita 800 kwa saa, ni sentimita za ujazo 222 kila sekunde. Mwanya wa sentimita 3 kwa upana wa kama 29.5 unayashusha maji kwa mwendo wa sentimita 2.5 kwa sekunde. Punguza mwanya uwe nusu, mwendo unakuwa 5. Kiputo kidogo hupanda polepole, na maji yanayoshuka kwa kasi kuliko kiputo kinavyopanda yatakibeba, yatakipitisha chini ya kizuizi cha pili, na utakiona kikimetameta mbele ya samaki. Anayelalamika kwamba vizuizi vyake havizuii viputo, mara nyingi amevibana mno.

Vioo vikatwe vifupi kuliko upana wa ndani kwa milimita 4 hadi 6. Kwa upana wa sentimita 30, kata 29.5. Mwanya wa milimita mbili na nusu kila upande ndio makao ya silikoni. Kioo kinachoingia kwa kubana hakina mto, na siku sampu itakapojaa kitaupasua ukuta. Kingo zipige msasa wa maji, zikiwa zimelowa, ili vumbi la kioo lisiingie kifuani.

Silikoni iwe silikoni tupu, ile inayonuka siki inapokauka. Ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu iache dukani, hata ikiuzwa nusu bei. Dawa iuayo ukungu haina huruma na kamba wala matumbawe. Futa kioo kwa spiriti, bandika utepe wa karatasi pembeni mwa mstari, mimina, lainisha kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni, na bandua utepe kabla silikoni haijaota ngozi. Una dakika tano hivi. Kisha iache. Vizuizi hushika baada ya saa 24, lakini harufu ya siki ikiwepo bado haijaiva. Wiki moja ndiyo subira ya kweli. Jaza maji baridi ya bomba, acha siku mbili juu ya gazeti kavu, ndipo uiamini.

## Mabomba

Duka la vifaa vya ujenzi lina karibu kila kitu: PVC ya inchi moja, elbo, tii, tenki konekta. Angalia jambo moja tu, na uliangalie kwa ukali.

Shaba isiingie kwenye maji haya.

Tenki konekta nyingi na valvu nyingi ni za shaba nyeupe au njano, kwa sababu zimetengenezwa kwa matangi ya maji ya nyumbani. Maji ya chumvi huila shaba, na kiasi kidogo sana cha shaba huua kamba, konokono na matumbawe huku samaki wakionekana wazima, hivyo mwenye tangi hutafuta ugonjwa mahali pengine. Chukua za plastiki. Vibano vya mpira vya chuma navyo huota kutu. Tumia vya plastiki.

Kutoboa kioo cha tangi ili kupitisha bomba la kushusha ni bora kuliko kisanduku cha kuning'inia nyuma, lakini uhakikishe kwanza kwamba kioo si kile kilichoimarishwa kwa moto, kinachovunjika kwa vipande kama punje za mahindi. Kitako cha matangi mengi ya kiwandani ni cha aina hiyo, na ukikigusa kwa keekee kitasambaratika chote. Pima shingo ya konekta kabla ya kununua keekee ya almasi. Kati ya ukingo wa tundu na ukingo wa kioo pabaki angalau upana wa tundu lenyewe. Mashine izunguke polepole, maji yakimwagika mfululizo, mkono usisukume. Dakika kumi za subira ni kidogo kuliko bei ya tangi.

Kisanduku cha kuning'inia kinachovusha maji kwa bomba la umbo la U kina udhaifu wake: viputo vikijikusanya juu ya bomba hilo, saifoni inakatika, na ile hesabu ya lita 9 inakuwa kweli usiku wa manane.

Bomba la kushusha lizame sentimita 2 au 3 tu ndani ya maji ya sampu. Likizama zaidi, hewa iliyomo hukosa njia ya kutoka, na litakuwa linakoroma na kutapika. Ukiweza, toboa matundu mawili: bomba moja lenye valvu ya kurekebisha, lijae maji bila hewa na linyamaze kabisa, la pili, refu kidogo juu, la dharura. La dharura lisiwe na valvu hata siku moja.

Kuhusu pampu, namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya pampu isiyoinua kitu. Pampu ya lita 2,000 inayoishia kimo cha mita 2, ukiidai ipandishe mita 1.4, itakupa karibu lita 600, na kila elbo itapunguza kidogo. Inatosha. Kwa tangi hili lita 550 hadi 900 kwa saa ni sawa, mkondo wa ndani uachie pampu za mawimbi. Pima mwenyewe: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 90, una lita 800 kwa saa.

## Maji ya kuongeza

Chumvi haikauki pamoja na maji. Lita 2 zikipotea kwenye jumla ya lita 210, chumvi iliyokuwa 35 kwa elfu inakaribia 35.3 siku hiyohiyo, na kesho tena. Kwa hiyo kinachoongezwa ni maji baridi yasiyo na chumvi, na boya dogo la plastiki kwenye chumba cha pampu litakuokoa na kazi hiyo.

Boya hilo linaunganishwa na nini?

Wapo wanaoliunganisha moja kwa moja na tangi la maji la lita 1,000 juu ya paa, kwa kuwa bomba lipo karibu. Tafadhali usifanye hivyo. Boya litakwama siku moja, kwa chumvi iliyoganda au kwa konokono, na paa zima litashukia kwenye matumbawe yako. Weka dumu la lita 10 pembeni, juu kidogo ya sampu. Boya likikwama, lita 10 zote zitaingia na chumvi itashuka kutoka 35 hadi kama 33. Wanyama watataabika, lakini wataishi. Na nafasi ipo: tulikuwa na lita 28.8 tupu, umeme ukikatika unachukua 15, zinabaki 13.8. Dumu la 10 linaingia hata mabaya mawili yakitokea usiku mmoja.

Namba hizi zinashikana mikono. Ukigusa moja, rudi uzihesabu zote.

## Siku ya kuwasha

Nyaya zote za umeme zipinde chini kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone likifuata waya lidondokee chini. Soketi iwe juu ya ukingo wa sampu, pembeni, na saketi iwe na swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko ya bomba.

Jaza tangi la juu hadi usawa wa mdomo wa bomba la kurudisha, pale maji yanapokoma kushuka umeme ukikatika. Pampu ikiwa imezimwa, jaza sampu hadi sentimita 3 chini ya ukingo. Washa. Maji yatashuka, na yatakapotulia kwenye chumba cha pampu piga mstari wa kalamu ya wino usiofutika. Huo ndio mpaka: maji yasipite hapo pampu ikiwa inafanya kazi, hata dumu likiwa limejaa na mkono unawasha kuongeza. Unapounganisha dumu, anza chini ya mstari huo kwa lita zilezile 10.

Kisha zima kwenye swichi ya ukutani, kama umeme unavyokatika wenyewe. Tazama bomba la kurudisha linavyovuta hewa na kunyamaza. Washa tena. Skima ikiwa imezama kwenye maji ya kina yaliyorudi, itatapika povu kwa dakika kadhaa, kwa hiyo kikombe chake kimwagie ndani ya sampu, si nje. Tazama kama bomba la kushusha linaanza lenyewe.

Zima tena, washa tena. Mara kumi. Mara ya tano ziba bomba la kushusha kwa kitambaa, la dharura pia, uone tangi la juu linapanda mpaka wapi pampu inapoanza kuvuta hewa. Mara zote kumi sakafu ikibaki kavu, na maji yakianza kuzunguka bila mkono wa mtu kugusa kitu, chukua kitambaa ufute ukingo, kisha anza kuchanganya chumvi.